Kufundisha Hesabu ya Alama katika Mpira wa Meza: Mazoezi ya Darasa la Nne, Soweto, Moshi

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha aghalabu huwa amejiandaa vyema kwa Hisabati na Kiswahili, bali michezo huiachia siku yenyewe. Hudhani kwamba akiwa na mpira na filimbi, kipindi kitajiendesha. Huenda ikawa hivyo kwa mpira wa miguu, ambao watoto huujua kabla hata hawajaandikishwa shule. Mpira wa meza ni jambo jingine. Mtoto aweza kujifunza kuurudisha mpira katika muda wa wiki mbili, lakini hesabu ya alama huendelea kumtatiza muhula mzima, na palipo na hesabu isiyoeleweka ndipo ugomvi unapozaliwa.

Makala hii inahusu hesabu hiyo peke yake. Namna ya kushika kibao na kusimama mbele ya meza nitaiacha. Mifano nitakayoitoa imetoka katika shule moja ya msingi iliyoko Soweto, katika Manispaa ya Moshi, ambako nilikwenda kuwasimamia wanachuo na mwishowe nikajikuta nafundisha mwenyewe.

Alama moja hupatikanaje?

Anza na alama moja kabla ya kumi na moja. Waulize wanafunzi: mpira umepigwa, umekwenda, umerudi, ni jambo gani linaloumaliza mpambano? Wape nafasi wajibu. Watasema, "Mpira ukianguka chini." Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na kazi yako ni kuitafuta nusu ya pili pamoja nao.

Mchezaji hupata alama mpinzani wake anaposhindwa kuanzisha mpira ipasavyo, au anaposhindwa kuurudisha ipasavyo. Kurudisha ipasavyo maana yake ni kuupiga mpira baada ya kudunda mara moja tu upande wako, upite juu ya wavu au pembeni mwake, udunde upande wa mwenzako. Ukidunda mara mbili upande wako, umepoteza alama. Ukiupiga ungali juu ya meza kabla haujadunda upande wako, umepoteza. Ukiigusa meza kwa mkono usioshika kibao wakati mpira unachezwa, umepoteza; na ukiisukuma meza ikasogea, umepoteza vilevile. Kanuni hii ya mwisho ina uzito wa pekee katika shule zetu. Meza rasmi ina urefu wa mita 2.74, upana wa mita 1.525 na kimo cha sentimita 76, nayo husimama imara. Yetu ya Soweto ilikuwa mbao zilizolazwa juu ya madawati manne, na wavu wetu ulikuwa kamba iliyoning'inizwa vipande vya kitambaa. Kila mtoto aliyeegemea aliitikisa. Tulikubaliana kabla ya kuanza kwamba kutikisika hakuhesabiwi, ila kusogea kunahesabiwa. Kanuni ya mahali huruhusiwa kwa mazoezi, mradi itamkwe mapema na mbele ya wote.

Mpira ukigusa ukingo wa juu wa meza ni mzuri, hata kama umeruka ovyo. Ukigusa ubavu wa meza, chini ya ukingo, si mzuri. Kwa ubao uliolika pembe, hata mwamuzi mwenye macho makali hawezi kuona tofauti. Asikie sauti, na asipokuwa na hakika aamuru mpambano urudiwe.

Katika kuanzisha, mpira hulazwa juu ya kiganja kilicho wazi, hurushwa wima usipungue sentimita 16, kisha hupigwa unaposhuka. Rula ndogo ya mwanafunzi ina sentimita 15. Mwambie auone mpira ukipita urefu wa rula yake na kidogo zaidi, hatasahau. Mpira wa kuanzisha hudunda kwanza upande wa mwanzishaji, ndipo uvuke wavu na kudunda upande wa mpokeaji. Ukigusa wavu lakini ukadunda kwa mpokeaji kama ilivyotakiwa, hakuna anayepata alama: hurudiwa. Hili ni la kuanzisha tu. Katikati ya mpambano, mpira unaogusa wavu ukavuka ni mzuri na mchezo huendelea. Watoto huchanganya mambo haya mawili kila siku, na wanachuo pia.

Kumi na moja, na tofauti ya mbili

Anayetangulia kufikisha alama 11 hushinda seti. Lakini wote wawili wakifika 10, kumi na moja haitoshi tena. Mmoja sharti amzidi mwenzake kwa alama mbili. Kwa hiyo seti yaweza kuisha 11 kwa 9, au 12 kwa 10, au 15 kwa 13, wala haiwezi kamwe kuisha 11 kwa 10. Mchezo mzima huwa na idadi ya seti isiyogawanyika kwa mbili, kwa kawaida tano au saba. Katika mchezo wa seti tano, mwenye kushinda seti tatu ndiye mshindi. Baada ya kila seti wachezaji hubadilishana pande, na katika seti ya mwisho hubadilishana tena mara mmoja wao anapofikisha alama 5, ili jua, upepo au mwanga mbaya usimwonee mmoja hadi mwisho. Pale Soweto, ambako tulicheza nje chini ya mti, kanuni hii haikuhitaji maelezo. Mpira wa mchezo huu una uzito wa gramu 2.7 tu, na upepo wa alasiri uliuchukua hadi bondeni. Baada ya siku ya kwanza tulihamishia kipindi asubuhi.

Mwalimu wa Hisabati atapenda mfano ufuatao. Mchezaji wa kwanza ameshinda seti tatu kwa 11–9, 11–9 na 11–9. Mchezaji wa pili ameshinda seti mbili kwa 11–2 na 11–3. Wape wanafunzi wajumlishe. Wa kwanza ana alama 38, wa pili ana 49, na bado mshindi ni wa kwanza! Darasa lilipiga kelele nilipoandika hayo ubaoni. Mvulana mmoja alisema ni dhuluma. Nilimwacha atetee hoja yake kwa dakika kadhaa, kwa kuwa hoja ilikuwa nzuri, kisha nikamuuliza kama timu iliyofungwa mabao matano siku moja hurudishiwa mabao hayo mechi inayofuata.

Zamu ya kuanzisha

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mchezaji mmoja huanzisha mara mbili, kisha mwenzake mara mbili, hivyo hivyo hadi seti iishe. Wakifika 10 kwa 10, kila mmoja huanzisha mara moja moja. Aliyeanza kuanzisha katika seti moja huwa mpokeaji mwanzoni mwa seti inayofuata.

Ni maneno machache, lakini mtoto akiwa amesimama juani, mpira umebingirika hadi uwanjani, wenzake wanapiga kelele, hakumbuki kama ameanzisha mara moja au mbili. Kwa hiyo ni lazima mwamuzi awe na njia ya kujua. Zipo njia mbili, nami nashauri zote zifundishwe.

Njia ya kwanza ni ya kujumlisha. Jumlisha alama za wachezaji wote wawili. Gawanya kwa mbili, uache baki. Jibu likiwa namba shufwa, yaani 0, 2, 4 na kuendelea, anayepaswa kuanzisha ni yule aliyeanza seti. Jibu likiwa witiri, ni mwenzake. Kwa mfano, alama ni 4 kwa 3. Jumla ni 7; nusu yake, ukiacha baki, ni 3; ni witiri; basi aanzishe mwenzake aliyekuwa mpokeaji mwanzoni. Baada ya 10 kwa 10 kazi huwa nyepesi zaidi: jumla ikiwa shufwa ni zamu ya aliyeanza seti, na ikiwa witiri ni ya mwenzake. Ndiyo kusema kwamba katika muda huo, kila alama zinapolingana, mpira humrudia yule aliyeuanzisha mwanzoni mwa seti.

Njia ya pili ni ya maharage, nayo inamfaa mtoto asiyeweza kugawanya haraka. Mwamuzi awe na maharage mawili mezani mwake, yakiwa upande wa anayeanzisha. Alama moja ikimalizika, asogeze harage moja upande wa pili. Alama ya pili ikimalizika, asogeze na la pili. Maharage yote mawili yakishavuka, na zamu imevuka nayo. Mpira uliorudiwa hausogezi harage.

Kuna tatizo jingine ambalo wanachuo wangu hawakulitazamia. Mwamuzi hutamka kwanza alama za anayeanzisha, halafu za mpokeaji. Tuseme Asha ndiye aliyeanza seti, naye ana 4. Juma ana 3. Kwa hesabu tuliyofanya hapo juu, Juma ndiye anayeanzisha, kwa hiyo mwamuzi hutamka, "Tatu, nne." Juma anapoteza alama. Sasa Asha ana 5, jumla ni 8, zamu imerudi kwake, na mwamuzi hutamka, "Tano, tatu." Mtazamaji aliye pembeni amesikia "tatu, nne" kisha "tano, tatu". Akidhani kwamba namba ya kwanza ni ya mtu yule yule siku zote, ataona kuwa mmoja ameongezewa mbili na mwingine amenyang'anywa moja. Watoto wa Soweto walidhani hivyo hasa, na waamuzi wetu wawili wa kwanza walizomewa bila kosa. Dawa yake ni mwandishi wa ubaoni: yeye huandika majina mawili na alama chini ya kila jina, asibadilishe mahali. Sikio lisikie mpangilio wa mwamuzi, jicho lione mpangilio wa ubao. Baada ya vipindi vitatu darasa lilizoea.

Kosa langu mwenyewe

Mimi nilijifunza mchezo huu zamani, seti ilipokuwa ya alama 21 na kila mchezaji alipoanzisha mara tano mfululizo. Hesabu ile ilikuwa rahisi ajabu: jumla ya alama ikiishia na 5 au 0, zamu inabadilika. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilibadili kanuni hiyo kuanzia tarehe 1 Septemba 2001, likaleta seti ya alama 11 na zamu za mbili mbili, ili michezo iwe mifupi na yenye msisimko zaidi kwa watazamaji, hasa wa televisheni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mpira nao ulikuwa umeongezwa kipenyo kutoka milimita 38 hadi 40. Haya yote niliyajua. Kuyajua na kuyazoea ni mambo mawili.

Siku ya tatu nilimweka msichana mmoja awe mwamuzi. Walimu wa darasa walikuwa wameniambia kwamba ni mzito wa hesabu, nami nilimchagua kwa sababu hiyo. Alikuwa na maharage yake mawili. Mvulana aliyeanza seti alikuwa na alama 3, mwenzake 2. Jumla ni 5, na sikio langu la zamani likasikia kengele. Nikasema kwa sauti, "Badilisheni!" Msichana akatazama maharage. Moja lilikuwa limevuka, moja bado. Akasema, "Mwalimu, bado mmoja." Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba ahesabu vizuri. Akaniangalia, akatazama tena maharage, akalisogeza lile la pili kwa kidole kana kwamba linaungua.

Mvulana aliyenyimwa zamu yake alishindwa seti ile 11 kwa 9. Hakulia, lakini aliweka kibao chini na hakusema neno hadi kipindi kikaisha.

Niligundua kosa jioni, nikiwa nasahihisha maandalio ya somo ya wanachuo. Mmoja wao alikuwa ameandika mfano wa 3 kwa 2 na jibu sahihi, kinyume cha amri yangu: nusu ya 5, ukiacha baki, ni 2, ni shufwa, aendelee aliyeanza. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu, nikitumaini kwamba mwanachuo amekosea.

Kanuni inasemaje? Zamu ikigundulika kuwa imekosewa, mchezo husimamishwa na anayestahili huanzisha kwa utaratibu uliowekwa tangu mwanzo. Lakini alama zote zilizokwisha kupatikana kabla ya kosa kugunduliwa huhesabiwa. Kwa hiyo seti ile ilibaki 11 kwa 9. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa, nikaandika ubaoni 3 na 2, nikamwita msichana yule aoneshe kwa maharage zamu ilikuwa ya nani. Akaonesha. Nikasema kwamba yeye alikuwa sahihi, mimi nilikosea, na kwamba mwamuzi akiwa na maharage yake hata mwalimu hana ruhusa ya kumbadilishia. Mvulana aliuliza, "Basi seti ni yangu?" Nikamwambia si yake, nikamsomea kanuni. Hakuridhika, wala sikumlazimisha aridhike. Aliomba seti nyingine na mpinzani yule yule, mwamuzi awe yule yule. Nilimpa.

Baadhi ya wanachuo waliniambia baadaye kwamba nilijishusha bila sababu, kwa kuwa hakuna mtoto aliyekuwa ameligundua kosa. Sikubaliani nao. Mmoja alikuwa ameligundua, na ndiye niliyekuwa nimemfunga mdomo. Tangu siku ile waamuzi walianza kutamka alama kwa sauti ya kusikika.

Meza moja, watoto sitini

Desturi iliyoenea mitaani ni ya "mshindi abaki". Ni nzuri kwa vijana wanaojifurahisha, lakini katika kipindi cha shule ni mbaya. Watoto wawili au watatu wenye ujuzi hukaa mezani dakika 40, na wengine hupata mipira mitano kila mmoja kisha hurudi kwenye foleni. Anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayeyapata kidogo. Wasichana wengi huondoka katika foleni hiyo kimyakimya, na mwalimu huandika katika ripoti kwamba hawapendi mchezo.

Tulichofanya Soweto ni kuligawa darasa katika makundi ya watu sita: wachezaji wawili, mwamuzi, mwandishi wa ubaoni na waokota mipira wawili. Baada ya dakika nne kundi hutoka na jingine huingia, hata kama seti haijaisha. Alama zilizofikiwa huandikwa, na kundi likirudi kesho huanzia hapo hapo. Ndani ya kundi, kazi huzunguka kila linaporudi mezani. Makundi yanayosubiri hayakai bure. Huandika katika madaftari kila alama inayotamkwa na kutabiri nani aanzishe baadaye, kisha hulinganisha na uamuzi wa mwamuzi. Kazi hii ya kutabiri ndiyo iliyowafundisha wengi kuliko kucheza kwenyewe, ijapokuwa wao wangekwambia walikuwa wakisubiri tu zamu yao.

Mchezo wa wawili kwa wawili uuache hadi huu uwe umekomaa. Wachezaji wa upande mmoja hupiga kwa kupokezana, na mpira huanzishwa kutoka nusu ya kulia ya meza kwenda nusu ya kulia ya mpokeaji. Kwa watoto wa darasa la nne ni mzigo.

Mwanafunzi mwerevu atakuuliza kuhusu wachezaji wawili wasiotaka kushambulia, kila mmoja akirudisha tu. Mwambie kwamba katika mashindano ya dunia ya mwaka 1936, mjini Prague, Alojzy Ehrlich wa Poland na Farkas Paneth wa Romania walipigania alama moja kwa zaidi ya saa mbili. Siku hizi seti ikifika dakika 10 kabla ya alama 18 kupatikana kwa jumla, kila mmoja huanzisha mara moja moja, na mpokeaji akifaulu kurudisha mara 13 katika mpambano mmoja, alama ni yake. Kwa meza yetu ya madawati, hatukuwahi kufika mipira minane.

Mazoezi kwa mwanachuo

Yafanye kwa kalamu, halafu kwa maharage, kabla ya kuyapeleka darasani. Katika maswali yote, Asha ndiye aliyeanza seti.

1. Asha ana 7, Juma ana 6. Nani aanzishe, na mwamuzi atamke nini?

2. Asha ana 11, Juma ana 12. Nani aanzishe?

3. Seti imeisha 15 kwa 13. Kila mmoja ameanzisha mara ngapi?

4. Mwandishi wa ubaoni ameandika kwamba seti imeisha 11 kwa 10. Utamwuliza maswali gani ili agundue kosa lake mwenyewe?

5. Mchezo wa seti tano waweza kushindwa kwa alama chache kiasi gani? Tunga mfano mwingine ambamo mshindi ana jumla ndogo kuliko aliyeshindwa.